Injini Aliyoichagua Dada

Dada yangu mkubwa, muuguzi wa Homa Bay, alipokaribia kustaafu alitaka gari la spoti la viti viwili. Muuzaji wa magari yaliyotumika mjini Migori alikuwa na mawili yanayofanana, moja la injini ya lita mbili, jingine la lita tatu.

"Mama, chukua hilo lenye nguvu," muuzaji alimshauri.

Dada aliyaendesha yote mawili hadi Uriri na kurudi, mimi nikiwa kando yake nimeshikilia kiti. Lile kubwa lilinguruma hata wachuuzi wakageuka.

"Hili linanikimbiza," alisema akishuka. "Lile dogo nalikimbiza mimi."

Akanunua dogo. Njia nzima hadi Homa Bay alibadilisha gia kwa madaha, akicheka peke yake, nami nikamtazama kwa fahari.