Harage Moja kwa Kila CD

Juzi mwanangu kawasha kompyuta mpya, ikajitafutia draiva zake zote yenyewe, yeye kaenda zake kuoga. Nikatoa bati langu la biskuti lenye CD za zamani. Nilipolitikisa, maharage yakalia ndani.

Sikia, ndugu yangu. Mimi niliishia darasa la saba Matembwe, na simwombi mtu radhi. Nilipofika miaka kumi na minne nilikuwa nakaa kwa bibi yangu kule Makambako, baridi ya Juni inang'ata masikio, nyumba nzima inanukia viazi vya kuchoma. Jirani yetu, mwenye malori, akashusha vipande vya kompyuta kutoka Dar, akavipanga juu ya meza ya bibi. Alijua nimemtazama fundi wa kompyuta wa misheni kule Njombe likizo nzima.

“Haya, fundi,” akanitania. “Ikifanya kazi kutwa bila kuganda, unabaki ofisini kwangu. Ikiganda, unarudi Matembwe kwa baba yako ukabebe mbao.”

Kuunga vipande hakukunishinda. Kosa lilikuja kwenye draiva, zile programu za kuifundisha kompyuta kutumia vifaa vyake. Kila moja ilikuwa na CD yake, nikazipachika zote mfululizo, ya madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, ya picha, ya sauti, bila kuzima na kuwasha katikati. Kioo kikaganda. Nikalia.

Bibi, asiyejua herufi hata moja, alikuwa anachambua maharage ya Mlangali. “We binti, unga wa ugali unaumwaga wote mara moja?”

Nikafuta kila kitu, nikaanza upya. Madabodi kwanza. Nikazima, nikawasha, tukangoja. Ilipowaka salama, bibi akaweka harage moja juu ya CD ile. “Hii imeiva. Lete nyingine.” Ya picha ikapata harage lake. Ya sauti ikagandisha, basi tukamjua mkorofi. Kadi yake nikaing'oa. Ofisi ya malori haihitaji muziki.

Kesho yake ikafanya kazi toka asubuhi hadi jirani aliporudi kutoka kuswali alasiri. Akaitazama, akamgeukia bibi. “Bi mkubwa, huyu harudi Matembwe.”

Kwa kazi hiyo nimejenga nyumba. Bibi hayupo, meza sijui iko kwa nani, na pale palipokuwa na ofisi ya malori sasa wanauza matairi. Kompyuta za sasa hazimngojeshi mtu. Ninachokitamani ni ile dakika ya kioo cheusi, tumekaa wawili, na bibi kashika harage lake, hajaliweka bado.