Nilivyopaka rangi jeshi la Waajemi Malindi, likaota chumvi miguuni

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa pwani na wa bara.

Leo nimekaa na kahawa yangu nikaona nilitoe hili jambo nililolibeba tangu miaka ya themanini. Ni kweli tupu. Penye kuzidisha nitazidisha kidogo tu, na mtapaona wenyewe.

Wakati huo nilikuwa kijana wa Shella, Malindi. Kazi yangu kuandika vibao vya maduka na majina kwenye mashua. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni na nimepata cheti, na cheti kile nilikitembeza mjini mpaka mbuzi wa Shella wakakijua. Somo la historia nilifaulu kumshinda mwalimu aliyenifundisha.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja wa Kitaliano, mjane, tukimwita Sinyora Bruna. Aliniita nimwandikie jina la nyumba kwenye lango. Nikaandika. Akasimama nyuma yangu anatazama zile herufi nyembamba, halafu akaniuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Wewe naweza kupaka kitu ndogo?"

Nikamwambia naweza kumpaka sisimizi rangi, na kumwandika jina mgongoni.

Akaingia ndani, akatoka na sanduku.

Wakuu, ndani ya sanduku mlikuwa na wanaume mia na ishirini, kila mmoja urefu wa pingili ya kidole gumba. Askari wa risasi, yale madini mazito. Wana ndevu za mawimbi, kanzu ndefu, mikuki, pinde, na ngao za kusuka mithili ya jamvi. Wote uchi wa rangi, kijivu kitupu.

Jeshi la Waajemi wa kale.

Mume wake marehemu, Enzo, alikuwa na mchezo wake na ndugu yake, Aldo. Meza kubwa, huyu ana Waajemi, yule ana Wayunani. Mnarusha dado, mnapima kwa utepe wa fundi cherehani, majeshi yanasogea yanapigana. Watu wazima hao, wana mvi. Mimi sikucheka. Sisi huku tuna wazee wanaogombana na kununiana mwaka mzima kwa ajili ya bao.

Aldo alikuwa akija kila Julai na Wayunani wake waliopakwa rangi wakawaka. Enzo hakuwahi kuwapaka wake, alifariki akiwa amewasugua msasa tu. Walikuwa wakicheza hivyo hivyo, kijivu kwa rangi, na Enzo akishindwa kila mwaka.

Sasa Aldo kaandika barua. Anakuja, watacheza mara ya mwisho na Sinyora, atakayeshinda abaki na majeshi yote mawili. Na safari hii askari asiye na rangi hachezi. Waajemi wasipokuwa tayari, analichukua sanduku bila hata kurusha dado.

Sinyora akaniambia, "Enzo alishika huyu, na huyu, na huyu. Mmoja mmoja. Mimi sitaki sanduku kwenda."

Hakulia. Alifunga kifuniko tu, akakiwekea mkono juu.

Nikamwambia Sinyora, mimi nimeisoma historia ya Uajemi yote. (Nilisoma ukurasa mmoja, na nusu yake ilikuwa ramani.)

Nikachukua watatu nikawapeleka nyumbani kwa bibi yangu mzaa baba, Bi Zuhura, aliyenilea. Na hapa wakuu lazima niwaeleze jambo, maana wa bara hamtaelewa. Bibi yangu alikuwa akisema sisi ni Washirazi. Babu zetu walitoka Shirazi, Uajemi, kwa majahazi saba. Ukimuuliza majahazi yalikuwa na nini, anakutajia mpaka sufuria.

"Shikamoo bibi. Nimekuletea Waajemi."

"Marahaba. Waajemi gani?" Akavaa miwani yake yenye uzi. Akamshika mmoja, akamgeuza. "Ah. Huyu pua ni ya baba yako."

"Bibi, hawa ni wa zamani sana, kabla ya Shirazi ya kwenu."

"Kwani watu wa Shirazi waliota kama uyoga? Walikuwa na baba zao. Ndio hawa." Akamtazama tena. "Utawapaka rangi gani?"

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Enzo aliacha kitabu kimoja chenye picha, lakini mchwa walikuwa wamekula kurasa zote za rangi, wakabakisha za nyeusi na nyeupe. Mchwa wa Malindi wanajua kuchagua.

Bibi akaenda kwenye kabati, akarudi na leso zake, yaani kanga, bunda zima. "Babu zetu walikuwa watu wa kuvaa. Usinitie aibu na kijani cha mashua."

Nikapaka kutoka kwenye leso, wakuu. Kila kikosi na leso yake. Hawa wana pindo la nukta nyekundu, hawa zambarau na manjano, hawa korosho korosho mpaka kwenye mikono. Nilikata brashi yangu nikabakisha nywele tatu. Nilikuwa nashikilia pumzi kila nukta, na nukta zilikuwa kama elfu tisini, kwa hiyo hesabu mwenyewe nilipumua mara ngapi mwezi ule.

Chini ya mikuki yao kuna kitufe cha duara mfano wa komamanga. Hicho nikapaka fedha. Sinyora alipoona kikosi cha kwanza akaenda kuleta kutoka ndani kitabu kingine cha Enzo alichokuwa amekisahau, chenye picha moja tu ya rangi iliyopona, akakiweka kando. Wallahi nguo zilifanana. Maua, nukta, mapindo. Bibi alipoambiwa alisema, "Ulitarajia nini?"

Sasa ikabaki kuwasimamisha. Askari wale hawasimami wenyewe, lazima uwagandishe kwenye kibao, halafu unapaka gundi juu, unanyunyizia mchanga ili waonekane wako ardhini. Ndiyo desturi ya mchezo.

Na hapo kuna sheria moja muweke akilini. Mwaka mmoja paka wa nyumbani alipita mezani, mkia wake ukaangusha Waajemi kumi na wawili. Enzo akataka kuwainua. Aldo akasema hapana, aliyeanguka amekufa, haidhuru kaangushwa na nani. Enzo akakubali, wakaiandika kwenye daftari lao na kutia sahihi.

Basi mimi nikakata kadibodi ya masanduku ya viatu. Kuhusu mchanga sikuwaza hata dakika. Mtu wa Shella atafute mchanga? Nikateremka ufuoni nikazoa ule wetu unaometameta kama dhahabu, nikanyunyiza. Jeshi likang'aa. Nikamwambia Sinyora hata mfalme wao mwenyewe hakuwahi kuwaweka mahali pazuri hivyo.

Nikalipanga kabatini kwake, nikaenda zangu, kifua mbele. Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Mvua za mwaka huo zilikuwa zimekataa kuondoka, hewa nzito, hata kiberiti kilikuwa hakiwaki.

Zikiwa zimebaki siku tano, asubuhi, Sinyora akatuma niitwe.

Wakuu, nilifungua lile kabati nikataka kulifunga.

Jeshi lilikuwa linatokwa jasho. Kadibodi zimenywea, zimelainika kama papai bivu. Gundi imerudi uji. Miguuni wameota unga mweupe, rangi imevimba, imebanduka kwenye viatu. Nusu ya jeshi imeegemea nusu nyingine kama watu waliotoka kunywa mnazi. Nikamgusa mmoja. Akaanguka, akaangusha safu nzima.

Sinyora akauliza, "Ni ugonjwa?"

Mimi na cheti changu tukaanza kuhesabu walioanguka.

Uani alikuwapo fundi mwashi, Fundi Kazungu, mtu wa Rabai aliyehamia Muyeye, anatengeneza ukuta wa uzio. Alisikia swali lile akachungulia dirishani. Akaingia, akafuta vidole kwenye kaptula, akachukua kibao kimoja. Akakilamba.

Ndiyo. Akakilamba.

"Mchanga huu uliuosha?"

"Kuosha mchanga? Fundi, mchanga ndio tunaooshea sufuria."

Akanitazama kama mtu anayetazama kuku aliyeingia msikitini. "Wewe ni mzaliwa wa hapa?"

"Wa hapa hapa Shella."

"Na zile nyumba za kwenu zinazotoka mba ukutani, hujawahi kujiuliza? Chumvi hiyo, bwana mdogo. Hewa ikiwa na maji, chumvi inayanywa. Ikikauka, inatoka nje kama unga. Umewasimamisha wazee wa watu kwenye chumvi." Halafu akamgeukia Sinyora kwa upole. "Mama, hawajafa hawa. Ni miguu tu."

Nikamuuliza kama anaweza kutusaidia. Akasema gundi haijui. Anajua sementi.

Mpango wake ulikuwa huu. Kwanza nikawang'oa wote, nikawaosha miguu kwa maji ya kisima, nikawapaka vanishi mpaka magotini. Yeye akatumia mchanga wa mto Sabaki aliokuwa nao pale kwa ajili ya ukuta. Na bado akauosha mara tatu. Kila akiosha, anaonja. Mara ya tatu akanipa mimi. "Onja. Cheti chako kinasema nini?"

Nikaonja. Hauna ladha. Nikamwambia hauna ladha.

"Basi umehitimu."

Halafu akataka visanduku vya viberiti, ile droo ya ndani, viwe kalibu za kumiminia sementi. Watatu kwa kisanduku kimoja, kwa hiyo arobaini. Nilizunguka Muyeye na Shella nikiomba viberiti vitupu. Watu walidhani nimeanza kuvuta kitu. Bibi alimwaga njiti za kwake zote kwenye kikombe akanipa kisanduku. "Kwa babu zetu," akasema.

Fundi akamimina, akalainisha kwa kijiko cha chai badala ya mwiko, mimi nikasimamisha watatu watatu. Akawafunika kwa gunia bichi. Siku tatu tukilinyunyizia maji asubuhi na jioni. Jeshi la mfalme wa wafalme limelala chini ya gunia la mahindi, wakuu. Sinyora alikuwa akija kila saa anainua pembe ya gunia kama anachungulia mtoto mgonjwa.

Siku ya nne nikapaka viatu upya. Siku ya tano Aldo akafika.

Mtu mkubwa, mcheshi, ana tumbo la kuegemeza mikono. Meza ikawekwa barazani baada ya chakula cha mchana. Wayunani wake walikuwa wazuri, sitadanganya. Mikuki mirefu, ngao zinang'aa, wamesimama kwenye vibao vyembamba vya kadi vilivyokatwa kwa ufundi.

Akawaona Waajemi. Akamnyanyua mmoja, mkono ukashuka kidogo kwa uzito. Akasema kitu, Sinyora akanitafsiria. "Anauliza, umewajengea makaburi kabisa?"

"Mwambie ni misingi."

Wakacheza. Sinyora jemadari, mimi mrushaji wa dado na mshika utepe. Fundi Kazungu akakaa juu ya ukuta wake na chai, kazi imesimama.

Tulipigwa. Nasema ukweli. Dado zangu siku ile zilikuwa za mtu mwenye laana. Moja, mbili, moja. Upande wa kushoto wote ukaondolewa mezani. Sinyora akawa anawaweka waliokufa ndani ya sanduku polepole, kila mmoja anampangusa kwanza. Aldo alishaanza kuuliza kama kuna kamba ya kufungia sanduku.

Alasiri upepo ukaingia kutoka baharini. Ule wa kila siku. Hatukuufikiria, umekaa nasi toka tuzaliwe.

Wayunani wa mbele walikuwa wamebanana, mikuki yote juu. Upepo ukaishika ile mikuki. Safu ya kwanza ikalala juu ya ya pili. Ya pili ikalala juu ya ya tatu. Tiki tiki tiki, mpaka mwisho wa meza, hakusalia Myunani aliyesimama.

Waajemi hakutikisika hata mmoja. Walikuwa na nyumba miguuni.

Aldo akaruka kuwainua watu wake. Sinyora akaingia ndani akatoka na daftari, akalifungua penye ukurasa wa paka, akaliweka mezani mbele yake, sahihi mbili chini.

Aldo akasoma. Akasoma tena. Akatazama mwandiko wa ndugu yake muda mrefu kuliko yale maneno yalivyohitaji.

Halafu akaketi. Akasema, na safari hii kwa Kiswahili, "Paka mbaya sana."

Sinyora akacheka mpaka akafuta machozi, nadhani hayakuwa ya kicheko tu.

Sanduku halikuondoka. Wayunani nao wakabaki, ndivyo walivyoandikiana. Kabla ya kusafiri Aldo alimwita Fundi Kazungu akamwonyesha wale Wayunani wake walioanguka, akamwonyesha na sementi. Fundi akamuuliza kupitia kwa Sinyora, "Ana viberiti?"

Mimi nilipewa kibao kimoja, watatu wenye leso ya nukta nyekundu. Bibi aliwaweka juu ya redio. Mgeni akiingia anaambiwa, "Hao ni babu zetu wa Shirazi, yule wa katikati ana pua ya mwanangu." Alifanya hivyo mpaka mwisho wake, Mungu amrehemu. Rangi ya nyuso imeshapauka. Miguu iko vile vile.

Nilichojifunza: cheti ni kizuri, lakini kabla ya kusimamisha kitu chochote, kionje kinachosimamia.

Haya, wakuu, uwanja wenu. Kuna aliyewahi kujenga kwa mchanga wa ufuoni bila kuosha? Tuelezeni ukuta uko wapi sasa. Na wale mtakaosema nimedanganya, njooni nyumbani. Nitawapa wale watatu mkononi, na mtajaribu wenyewe kuwapuliza.