Jino Nililolipeleka Stesheni

Kampuni ya madini ilipokuwa ikifa, idara yetu ya jiolojia pale Likasi ilibaki na watu wawili: mimi, msichana niliyetoka chuo karibuni, na chef wangu, yaani mkuu wangu wa kazi, mtu mzima aliyezaliwa Shituru, mtaa wa mji huohuo, katika nyumba za reli. Baba yake alikuja kutoka Kasai kutafuta kazi, na chef mwenyewe hakuwahi kuishi pengine. Mashine zilikuwa zimesimama na mshahara ulikuja ukipenda. Badala ya kukaa tukitazamana, tukafungua magunia ya mawe mekundu yaliyotolewa zamani katika pango la chokaa upande wa Kakanda. Ndani yake mlikuwa na mawe yaliyochongwa kwa mikono ya watu, na mifupa midogo midogo ya panya.

Chef alinieleza kwamba bundi ndio waliotukusanyia. Walikula panya, wakatapika mifupa pangoni, na udongo ukaifunika hadi ukawa jiwe. Sisi tuliloweka vipande katika siki nyepesi. Asidi ya kiwandani ingekula kila kitu. Siki ililegeza chokaa polepole na kuyaacha meno. Kisha tulichuja, tukakausha, tukachambua sahani kwa sahani kwa ncha ya brashi kando ya dirisha, kwa sababu umeme wa bwawa la Koni ulikatika ovyo.

Meno marefu yenye mistari, kama soli ya raba, yalikuwa ya panya wanaotafuna majani ya dembo, bondeni penye maji. Meno mafupi yenye vinundu yalikuwa ya panya wa msituni. Yetu karibu yote yalikuwa na mistari. Kumbe kilima kile kikavu kiliwahi kutazamana na bonde lenye majani mabichi, na watu wale waliochonga mawe walilitazama kila asubuhi. Lakini lini? Kwetu hakuna majivu ya volkano ya kupimia umri. Tulihitaji jino la panya aliyekwisha kutoweka duniani, ambaye huko mashariki meno yake yamekutwa katikati ya majivu yenye umri unaojulikana.

Hatukuwa tumelipata jino hilo mji ulipoanza kuwafukuza watu wa Kasai. Vijana walipita na fimbo nyumba kwa nyumba. Siku moja chef hakuja kazini. Nilimkuta stesheni chini ya turubai, pamoja na mke wake na binti yao mdogo, katikati ya umati uliongojea treni isiyokuja. Mimi wazazi wangu ni wa huku. Mlango wetu haukugongwa na mtu.

Niliwapelekea bukari, ugali wetu, na samaki wakavu. Chef alikula kidogo, akaniuliza, “Ile sahani ya mwisho ulimaliza?”

“Bado, chef.”

“Maliza, ma fille,” akasema, kama anayemwambia binti yake. “Usiache.”

Nikarudi ofisini nikachambua, na ni hapo, kiti chake kikiwa kitupu mbele yangu, ndipo nilipoliona. Jino dogo kuliko punje ya mchele, lenye kinundu cha ziada ambacho panya wa leo hana. Nililigeuza, nikalilinganisha na mchoro wa jino la panya yule aliyetoweka, nikapiga kelele ya furaha peke yangu. Nililifunga kwa pamba katika kichupa cha dawa, nikakimbia hadi stesheni nikiwa nacheka. Watu walikuwa wamelala chini njia nzima, na mimi niliwaruka nikicheka.

Chef alitoa mfukoni lupu, kile kioo chake cha kukuzia. Alilitazama kwa muda mrefu. “Ni yeye,” akasema. “Angaria! Ni yeye kabisa!” Akanishika mabega, tukacheka wote wawili kama watoto.

Mke wake alikuwa amempakata binti yao, aliyekuwa na surua. Hakupaza sauti. “Munafurahia meno ya panya,” alisema. “Mutoto anawaka moto.”

Chef aliweka lupu chini. Mimi nikaenda kutafuta dawa, na dawa haikuwepo mahali popote mjini. Treni ilipokuja, walisukumwa ndani ya behewa la mizigo. Baadaye msafiri mmoja aliniambia kwamba mtoto alifia njiani, wakamzika kando ya reli.

Miaka ikapita. Mtaalamu mmoja mgeni aliyapima meno yetu akasema chef alikuwa sahihi: jino lilikuwa la panya yule, na pango lile lilikaliwa na watu zamani kuliko tulivyothubutu kufikiri. Makala ilipochapishwa nilisisitiza jina la chef litangulie langu, na likatangulia. Simu za mkononi zilipoenea nilimpata. Alikuwa mwalimu huko Kasai. Nilimpa habari.

“Ile siku ya jino,” alisema, “ndiyo saa pekee niliyosahau mahali nilipokuwa.”

Saa ile mtoto wake alikuwa angali hai, na mimi ndiye niliyemfanya asitazame upande ule.

Kisha mke wake akachukua simu. Nilimsalimu, nikaanza kuomba msamaha, akanikata.

“Mama, nani analala mu nyumba yetu?”

“Familia moja ya huku, yaya,” nilimjibu, kama tunavyomwita dada mkubwa.

“Bako na batoto?”

“Ndiyo. Wadogo bado.”

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akitwanga.

“Waambie ile chumba ya nyuma inavuja,” alisema. “Batoto basilale mule.”

Nilikwenda jioni ileile, nikasimama mlangoni kwa watu nisiowajua, nikawaambia.