Msagaji Aliyekataa Kuwasha Mashine

Saa moja asubuhi, madebe ya mahindi yamekwisha kupangwa foleni hadi barabarani, na mashine ya kusaga ingali kimya. Msagaji amepiga magoti kando ya injini. Amevuta uzi kutoka puli moja, gurudumu linalozungusha mkanda, hadi nyingine, naye analitazama pengo lililobaki kati ya uzi na ukingo wa puli kama mtu atazamaye kidonda cha mwanawe.

"We baba, leo tunasaga au tunashona?" auliza mama mmoja, na foleni nzima inaangua kicheko.

Yeye hacheki. Kwa miaka kumi na tisa amekula jasho lake katika chumba hiki kilichojaa vumbi la unga. Kazi aliirithi kwa baba yake mdogo, aliyemfunza kanuni moja tu: mkanda ukiteleza, kaza, ukikatika, weka mwingine. Aliyeuliza sababu aliitwa mvivu.

"Baba mdogo alikuwa akisema, ukisimama kufikiri, tumbo litalala njaa," asimulia. "Nikamwamini. Basi nikawa nakaza tu."

Mikanda ikakatika, na bei ya kila mmoja ikatolewa katika mshahara wake. Alilaumu viwanda, akalaumu joto, akamlaumu hata muuza duka. Mikanda chakavu aliibeba nyumbani, akaitumia kuwamba kitanda chake.

Miezi michache iliyopita, mkanda mpya kabisa ulikatika mashine ikiwa katika kasi yake, ukamchapa usoni dada yake mkubwa, ambaye kazi yake ni kupokea unga. Jicho la kushoto halikupona.

Aliporudi kutoka hospitalini, dada hakulia wala hakumlaani. Aliuliza: "Mdogo wangu, ule ulikuwa mpya. Kwa nini ukatike?"

"Mikanda ya siku hizi, dada, ni karatasi tupu."

"Umenijibu, au umeninyamazisha?"

Msagaji akaenda chumbani kwake. Akaondoa godoro, akaikagua mikanda aliyokuwa akiilalia miaka yote hiyo. Ilitoka viwanda mbalimbali. Hata hivyo, kila mmoja ulikuwa umelika ukingo mmoja tu, ule mwingine mzima.

Tangu hapo akajizoeza jambo lililo gumu kwa mtu aliyelelewa katika kutii: kutogusa spana kabla ya kuuliza. Mara ya kwanza alikosea. Alibadili puli, na mkanda ukalika vilevile. Akarudi kwenye swali. Puli hazikai mstari mmoja, kwa nini? Injini imeinama. Nayo imeinamaje, hali imefungwa kwa bolti? Akaichokoa saruji iliyo chini yake kwa msumari, akakuta udongo wa chini umekuwa tope. Pipa la maji ya kupozea injini lilikuwa likivuja pale miaka nenda, miaka rudi.

"Kumbe kila nilipokaza, nilikuwa nauharakisha ukatike," asema, macho chini.

Mwenye mashine anafika, funguo mkononi.

"Washa."

"Siwashi, tajiri. Tuinue injini, tuhamishe pipa, tumwage saruji upya, tuiache ikauke wiki moja."

"Wiki! Na hawa wateja wasage kwa meno?"

"Mkanda huu utakatika."

"Umejuaje? Siku hizi umekuwa nabii?"

"Shika ncha hii ya uzi, tajiri, uone mwenyewe."

Tajiri haishiki. Anapiga simu, anamwita msagaji wa mtaa wa pili aje kabla ya adhuhuri. Kisha anamwamuru huyu akusanye vitu vyake. Katika foleni iliyokuwa ikicheka, hakuna aondoaye debe lake, kwani nyumbani watoto wanangoja.

Msagaji anaketi kizingitini pamoja na dada yake. Ana mpango, ingawa hana mashine. Atazunguka vinu vya mitaa mingine kuomba kazi, na kokote atakakopokewa ataanza kwa kukagua sakafu.

"Na huyu anayekuja?" auliza dada.

"Nitamngoja, nimweleze."

"Asiposikia?"

"Mimi sikusikia miaka kumi na tisa, dada."

Dada anainuka, anageuza kichwa chote ili jicho lililobaki lione vizuri, na kuanza kuyahamisha madebe ya watu, moja baada ya jingine, kuyatoa upande ule ambao mkanda hurukia.