Karatasi ya Malipo ya Mdogo Wangu

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la sita, nikaanza vibarua vya kupalilia mashamba ili nimlee mdogo wangu. Sasa yeye ni askari wa akiba. Siku nyingi hutengeneza redio hapa Kaptembwo, na siku chache za mwezi huenda mazoezini kambini, upande wa Lanet.

Jumapili moja alirudi na karatasi yake ya kwanza ya malipo, akaitupa mezani.

"Mathe, mimi naacha hii kazi." Huniita mathe, yaani mama, kwa utani, ingawa mimi ni dada yake. "Rafiki yangu ni mwanajeshi wa kudumu. Analipwa mwezi mzima, na pesa ya nyumba juu. Mimi wamenipunja."

Niliisoma karatasi polepole, kwa kidole, kisha nikacheka. Mpango huo niliujua maisha yangu yote.

"Hiki ni kibarua," nikamwambia. "Umefanya siku nne, umelipwa siku nne. Hapa chini ni marupurupu ya chakula na nauli. Mimi, nyapara wa shamba hajawahi kunipa nauli hata siku moja!"

"Na pesa ya nyumba?"

"Nyumba gani, wewe? Si unalala kwangu? Wakianza kuilipa, waniletee mimi."

Alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akaikunja karatasi vizuri, akaniomba rangi ya viatu, akaketi mlangoni kung'arisha buti zake. Mazoezi yalikuwa bado wiki tatu.