Maziwa ya Watoto wa Mbweha

Basi lilipofika Wembley, mama mmoja alipanda na mbwa aliyeloa mvua, akakaa karibu nami. Harufu ile ya manyoya mabichi ilinikaba, nikageukia dirishani.

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kijijini, mbweha alikuwa amekula vitoto vya mbuzi wetu. Asubuhi hiyo nyasi zilijaa umande, na mbwa wa baba walitoka kichakani wamelowa hadi tumboni, wakimkimbiza. Niliwafuata nikipiga kelele, "Huyo! Mkamateni!" Cha ajabu, mbweha hakukimbilia mbali. Alizunguka kichuguu kimoja, akaondoka, akarudi tena, mpaka mbwa wakamwangusha.

Baba alimgeuza kwa fimbo. Chuchu zake zilikuwa zimevimba, zinachuruzika maziwa.

"Huyu ananyonyesha," alisema.

"Mwizi ni mwizi," mjomba akamjibu akicheka. "Twendeni zetu."

Lakini chini ya kichuguu tulisikia vilio vyembamba. Baba alikwenda kuleta jembe, akachimba mpaka akagonga mwamba. Vilio vikanyamaza.

Jioni alikamua mbuzi, akajaza bakuli, akaniambia, "Wapelekee." Niliweka bakuli mdomoni mwa shimo, nikalala kifudifudi na kuwaita kwa sauti ya chini, kama tulivyoita vitoto vya mbuzi. Shimo lilinuka mkojo na udongo wa moto.

Kesho yake nilikwenda kabla ya chai. Maziwa yalikuwa yameganda, sisimizi wamejaa ukingoni. Nikayamwaga, nikaosha bakuli, na baba aliponiuliza nikamwambia wamekunywa yote.

Alifurahi sana. Jioni akakamua tena.