Diski Imelala, Nami Nasikiliza

Leo nimeitengeneza kompyuta ya nyumbani peke yangu, fundi mzima!

Haya, uongo. Binti yangu Neema kanielekeza kwa simu toka kazini Mtumba: "Baba, iwekee diski ilale isipotumika, inakula umeme bure."

Diski hiyo ina picha zote za marehemu mke wangu. Watoto wetu huzifungua kwa mtandao popote walipo.

Ikalala. Nyumba yangu hapa Makole ikanyamaza, jamani!

Sasa diski itanguruma pale tu mtoto akifungua picha.

Saa saba mchana ikanguruma. Nikaruka: "Wamemkumbuka!"

Kumbe kiwiko changu kimebonyeza kipanya, kikafungua albamu. Chekeni tu.

Neema, yule jogoo niliyekubebea mapajani kwenye basi toka Haneti, hata asante sijaisikia. Fungua picha moja ya mama yako. Nimekaa karibu na diski.